Mama Nenda-Hospitali na Chupa Yenye Sura Yake

Mtaani walimwita Nenda-Hospitali. Jina lilianza kama mzaha wa watu waliochoka kurudishwa, likakomaa, hata watoto wa majirani wakawa hawajui kama ana jingine. Mtu alitoka mbali ameshika tumbo, amesikia yuko mama anayejua miti kama kiganja chake. Akifika anakaribishwa, anapewa kiti, halafu anaulizwa maswali mpaka jasho linamtoka: limeanza lini, linauma upande gani, umetapika, choo kina rangi gani, una mimba, kuna vidonge unavyomeza, na usinifiche. Mwisho wa yote mama anatikisa kichwa.

"Hili si langu. Nenda hospitali."

Katika kila watu kumi, sita au saba waliondoka mikono mitupu. Wengine walinuna, wakaenda kusema njiani kwamba ni mganga gani huyu anayefukuza wagonjwa. Yeye hakujali, maana hakuwahi kujiita mganga. Kwenye karatasi za mshahara aliandikwa dobi. Alikuwa na mwaka wa ishirini na sita katika chumba cha kufulia cha hospitali, chumba kirefu chenye mashine mbili kubwa, moja nzima na moja ya kutolewa vipuri, masinki ya saruji yaliyochimbika kwa kusuguliwa, na mvuke uliofanya kuta zitoe jasho kutwa nzima. Dawa ya kuondoa madoa ilikuwa imemla kucha. Vidole vyake vilikuwa vyeupe nchani na vimejikunja kidogo, lakini ukimpa jani kavu alisage kati ya vidole hivyo, kisha anuse, atakwambia lilichumwa asubuhi au jioni.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na ua wa nyuma usiotosha kuanika shuka tatu. Humo uani kulikuwa na mchaichai ndani ya ndoo zilizopasuka, mshubiri kwenye makopo ya rangi, mrehani ukutani, na mwarobaini mmoja uliokuwa ukigombana na paa la jirani. Ndani, juu ya rafu, aliweka mifuko ya karatasi iliyoandikwa tarehe kwa kalamu nyekundu. Mfuko ukipitiliza miezi sita ulitupwa, hata kama ulikuwa umejaa. Na magonjwa aliyokubali kuyashika yalihesabika kwa mkono mmoja: kikohozi cha kawaida, tumbo la gesi, vipele vya joto, maumivu ya siku za mwezi, na usingizi uliogoma kuja. Ukivuka hapo, utasikia jina lake la mtaani likitoka kinywani mwake mwenyewe.

Ukali huo aliurithi kwa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Shangazi yule alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na hakufundisha kwa upole. Mwaka wote wa kwanza msichana hakuruhusiwa kumpa mtu yeyote hata jani la kunusa. Kazi yake ilikuwa kuchuma, kutandaza, kugeuza, na kutaja. Ilikuwapo mimea miwili iliyofanana kama mapacha, mmoja wa kutuliza tumbo na mwingine wa kulisimamisha kabisa, pamoja na mwenye tumbo. Tofauti ilikuwa chini ya jani, kwenye vinyweleo ambavyo huvioni mpaka uvipitishe mdomoni. Siku moja shangazi alichomeka jani moja la sumu ndani ya kikapu kizima cha majani mema, akamwacha msichana atandaze na kuyafunga. Msichana hakuliona. Shangazi alifungua mfuko, akalitoa, akaliweka juu ya meza.

"Leo umeua mtu," alisema. "Kesho usimwue."

Hakumpiga, wala hakumtukana. Lakini msichana hakula siku ile, na toka hapo hakufunga mfuko bila kupitia majani yote moja moja. Mwaka wa pili ndipo alipoanza kufundishwa kile ambacho shangazi alikiita nusu kubwa ya kazi, nacho ni kukataa. Mtoto aliyeacha kunyonya, kataa. Mjamzito mwenye miguu iliyovimba, kataa. Anayekohoa damu, anayekonda bila sababu, mwenye kidonda kisichofunga, kataa, na umsindikize mpaka barabarani ili asikate kona kwenda kwa mwingine. Shangazi alifariki, msichana akawa mama, mama akawa mjane mwenye binti mmoja aliyeolewa mbali, na katika miaka yote hiyo sheria ile hakuivunja.

Sasa kaka yake alikuwa na mtoto wa kiume, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ambaye watu walimwita Spika kwa sababu alikuwa hazimiki. Alikuwa ameuza vifuniko vya simu, akauza vichujio vya maji, akauza viwanja ambavyo hata mwenyewe hakuwahi kuvikanyaga. Siku alipokuja kwa shangazi yake na kusema anataka kujifunza miti, mama alishtuka, kisha moyo ukamlainika. Binti yake hakuwa na hamu ya mambo hayo. Mama alikuwa ameanza kuogopa kwamba atazikwa nayo.

Spika alijifunza miezi minne. Alikuwa na kichwa chepesi, hilo hakumnyima. Kila alichoambiwa alikinasa kwenye simu. Lakini alipofika kwenye kukataa, alianza kupiga miayo. Aliuliza kwa nini wapoteze muda kwenye magonjwa wasiyotibu. Aliuliza kama haiwezekani kuchanganya majani yote pamoja ili kila ugonjwa upate lake. Mama alicheka akidhani ni utani. Asubuhi moja Spika alimwomba avae gauni lake la maua ya bluu na kilemba cha njano, asimame karibu na mwarobaini na kinu mkononi, apigwe picha ya ukumbusho. Kabla ya kubonyeza akamtania kuhusu meno yake ya mbele, mama akacheka, na picha ikatoka nzuri kweli. Wiki mbili baadaye Spika akapata udhuru, kisha udhuru mwingine, na mwaka ukapita.

Sasa katika chumba cha kufulia, vitu husahaulika ndani ya shuka. Madobi walikuwa wameshakuta vijiko, miwani, meno ya bandia, na mara moja kuku aliyekaangwa, mzima. Siku hiyo walikuwa wakifungua mizigo ya wodi namba nne, wodi ya upasuaji ya wanawake. Mwenzake aliyekuwa akikung'uta shuka alisikia kitu kikigonga sakafu. Kilikuwa ni chupa ya plastiki ya kahawia, imebaki robo. Aliiokota, akaitazama, akamtazama mama, akaitazama tena.

"Dada," alisema, "huyu si wewe?"

Mama alijifuta mikono, akavaa miwani. Alikuwa ni yeye. Gauni la bluu, kilemba cha njano, kinu, na kicheko kile. Juu ya kichwa chake palikuwa pameandikwa kwa herufi nene: DAWA YA SHANGAZI, SIRI YA MABABU. Chini yake ilisemwa kwamba inatibu magonjwa arobaini na moja, na yote yalitajwa. Kulikuwa na presha, kisukari, utasa, vidonda sugu, kifafa, nguvu za kiume, na mwishoni, mikosi kazini. Na chini kabisa, ndani ya duara jekundu: Hospitali wamesema haiwezekani? Shangazi anasema inawezekana.

Mwenzake alisimulia baadaye kwamba alidhani mama ataanguka. Hakuanguka. Alifungua kifuniko, akanusa, akadondosha tone moja kwenye ulimi, akaliacha litandae. Uchungu ulikuwa wa mshubiri, umetiwa kwa pupa, bila kipimo. Nyuma yake kulikuwa na rangi. Na nyuma ya rangi kulikuwa na kitu kizito, kitamu, kilichoganda kwenye meno. Dawa ya kutibu kisukari ilikuwa imetiwa sukari ili inyweke.

Alitema kwenye sinki. Kisha akauliza mzigo ule umetoka kitanda gani.

Kitanda cha kumi na moja alilala fundi cherehani. Mama alimjua kabla hajafika karibu, kwa namna alivyoshika upindo wa shuka na kuukagua mshono wake. Walikuwa wamekaa mtaa mmoja miaka kumi, kabla fundi hajahamia kwa mwanawe upande wa pili wa mji. Ni yeye aliyeshona lile gauni la maua ya bluu. Na ni yeye ambaye mama alimwona siku moja anakunywa maji bakuli kwa bakuli, akamshika mkono na kumpeleka hospitali kwa miguu yake, wakakuta sukari imepanda. Toka hapo kila walipokutana, hata sokoni, hata msibani, salamu ya kwanza ilikuwa kuulizwa kama amemeza vidonge.

Shuka upande wa kulia ilikuwa imelala tambarare kuanzia chini ya goti. Mama aliona, akajifanya hajaona, halafu akashindwa.

Fundi hakulia. Alisimulia kama mtu anayesoma vipimo vya nguo. Alisema kidonda kilianza kidoleni, kidogo kama punje. Vidonge vilikuwa vinamchosha tumbo. Mtu akamletea chupa, na juu ya chupa akaliona gauni lake, aliloshona kwa mikono yake, na ndani ya gauni mtu anayemwamini. Hata hivyo alimtuma mkwewe aje kuuliza. Mkwewe alifika dukani, akaambiwa Shangazi mwenyewe ndiye anayechemsha nyuma, yuko kazini, hawezi kusumbuliwa. Basi akaacha vidonge, akanywa chupa miezi mitano.

"Wewe ndiye uliyekuwa unanifukuza kwenda hospitali kila siku," alisema. "Nikaona, kama huyu leo amesema haina haja, basi kweli haina haja."

Mama alikaa pale mpaka muuguzi alipomwambia saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Kusema si mimi kulikuwa kweli, na kulikuwa hakuna maana, kwa sababu mguu ulikuwa umeondoka.

Duka la Spika lilikuwa karibu na kituo kikuu cha mabasi, la vioo, limepakwa kijani, na juu ya mlango kulikuwa na picha ya mama, ndefu kuliko mama mwenyewe. Mama aliingia akiwa na mavazi yake ya kazi. Dada wa kaunta, aliyevaa koti jeupe kama la daktari, alimwuliza anasumbuliwa na nini. Hakumtambua. Spika alitoka ndani akiwa na tabasamu lake, naye pia alikuwa na koti jeupe, na kwenye mfuko wa kifua kulikuwa na kalamu tatu.

Alimwamkia kwa adabu zote, akamwita shangazi yangu kipenzi, akamvutia kiti, akaagiza soda. Mama hakukaa. Aliweka ile chupa juu ya kaunta na kumwuliza ndani kuna nini.

Spika alianza kuzunguka. Alisema dunia imebadilika. Alisema elimu ya wazee inapotea, na yeye ameamua kuiokoa. Alisema ndani ya mwaka mmoja amemfanya maarufu kuliko madaktari wote ambao shuka zao amezifua miaka ishirini na sita, na kwamba hao hao walikuwa wakimdharau, na sasa wataiona heshima yake. Maneno yalikuwa matamu, na mama aliyasikiliza yote, kwa sababu alitaka kujua kama mahali popote ndani yake kutatokea jina la mti. Halikutokea.

"Nimekuuliza ndani kuna nini," alisema.

"Shangazi, kuna mchanganyiko."

"Wa nini na nini?"

Spika alikohoa kidogo. Ikawa kwamba dawa haichemshwi pale. Inakuja kwenye mapipa kutoka kwa bwana mmoja mwenye ghala, na wao wanajaza chupa na kubandika karatasi. Yule bwana ndiye anayejua.

"Mimi nilikufundisha miezi minne," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka dada wa kaunta akasogea ili asikie. "Nilikufundisha ya kutibu matano na ya kukataa mia. Wewe umechukua sura yangu ukawaambia watu kwamba hakuna wa kukataliwa. Yuko mwanamke kitanda cha kumi na moja amekatwa mguu. Ni mwenye kukanyaga cherehani kwa mguu huo. Uende ukamwambie kuhusu mchanganyiko."

Spika alisema huo ni mpango wa Mungu, kisukari kinakata miguu ya watu hata hospitalini. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba wakigombana wataumia wote, kwa kuwa jina liko kwenye makaratasi.

Maana ya neno hilo mama aliijua kesho yake, katika ofisi ya afya. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili, akapanga foleni, akafika mbele ya afisa mwenye meza safi mno. Afisa alisikiliza, akafungua kabati, akatoa jalada. Lilikuwa ni la Dawa ya Shangazi. Kibali kilikuwepo, muhuri ulikuwepo, na kwenye mstari wa mtaalamu mkuu lilikuwepo jina lake kamili na sahihi. Jina lilikuwa lake, ila sahihi hakuwahi kuiandika. Afisa alimwonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Kwa mujibu wa jalada hili, mama, mwenye dawa ni wewe. Unataka kujishtaki?"

Mama alimwuliza kama kuna mtu yeyote wa ofisi hiyo aliyewahi kuonja kilichomo ndani ya chupa kabla ya kupiga muhuri. Afisa alisema kazi yake ni kuhakiki nyaraka. Akampa fomu ya malalamiko na kumshauri, kama mwana wa kaka ni mwana, wayamalize nyumbani.

Alirudi kazini akakuta anaitwa na matroni. Habari zilikuwa zimeshafika. Matroni alikuwa na chupa mezani, na daktari mmoja kijana alisimama karibu na dirisha. Yule daktari hakumwuliza kitu. Alisema tu kwamba watu wa miti shamba ndio wanaowajazia wodi, na kwamba ni aibu mmoja wao kulipwa na hospitali hiyo hiyo. Matroni alimpa saa arobaini na nane aandike barua ya kujieleza.

Hapo ndipo damu ilipomchemka kweli. Kwa Spika alikuwa na uchungu, kwa afisa alikuwa na mshangao, lakini mbele ya kijana yule, aliyekuwa mtoto wa shule ya msingi wakati yeye akisindikiza watu mpaka lango la hospitali ile ile, alikuwa na hasira. Mmoja amemfanya mungu wa magonjwa arobaini na moja, na mwingine amemfanya mchawi, na wote wawili hawakuwahi kumwuliza anajua nini. Yupi kati yao alikuwa na nafuu? Hakuona. Wote walikuwa wametia mikono kwenye kitu ambacho shangazi yake alikipima jani kwa jani, wakakifanya uchafu, mmoja kwa kukiuza na mwingine kwa kukitemea mate.

Barua yake ilikuwa na ukurasa mmoja. Hakuomba radhi. Aliorodhesha watu kumi na tisa aliokumbuka, wa mtaani kwake na mitaa ya jirani, aliowaleta hospitali kwa mkono wake mwenyewe, na kila mmoja aliletwa kwa nini. Akataja pia, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba matroni mwenyewe amekuwa akichukua mchaichai wake kwa ajili ya usingizi tangu mwaka aliofiwa na mume. Mwisho akaandika kwamba anaomba likizo yake ya mwaka, siku ishirini na nane, kuanzia Jumatatu.

Jumatatu alivaa gauni la maua ya bluu na kilemba cha njano. Alibeba kiti kidogo cha mbao na kinu. Alikwenda mpaka kituo cha mabasi, akaweka kiti chini ya picha yake, hatua mbili kutoka mlango wa kioo, upande wa njia ya watu wote. Akakaa.

Watu walisimama. Waliitazama picha, wakamtazama yeye. Wa kwanza kumwendea alikuwa mwanamume mnene mwenye mkoba, aliyempa mkono kwa mikono miwili kama anayemsalimia askofu, akamwambia presha inamsumbua na amefurahi kumwona ana kwa ana. Mama alimwuliza maswali yake. Kisha akamwambia.

"Hicho kilicho ndani sikukitengeneza mimi na sikijui. Una vidonge ulivyopewa? Basi vimeze leo. Nenda hospitali."

Mtu yule aliondoka bila kuingia dukani. Wa pili alikuwa mama mwenye mtoto wa kifafa, wa tatu msichana aliyetaka kuzaa, na wote walikalishwa, wakaulizwa, wakaambiwa. Mwenye tumbo la gesi aliambiwa aende nyumbani akachemshe majani ambayo hayana haja ya duka. Mwenye mikosi kazini aliambiwa awahi kazini. Kufikia saa sita kulikuwa na kundi, na wenye simu walikuwa wakipiga picha mbili kwa pamoja, ya ukutani na ya kitini.

Spika alitoka mara tatu. Mara ya kwanza alicheka na kuwaambia watu Shangazi anapenda utani. Mara ya pili alimwinamia sikioni akambembeleza. Mara ya tatu alikuja na polisi. Polisi alikuwa mtu wa makamo, akamwomba mama aondoe usumbufu. Mama alimwuliza ni kosa gani mtu kukaa barabarani chini ya picha yake mwenyewe. Polisi alifikiri sana. Akatazama ukutani, akatazama chini, halafu akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya kazi tena, kama ni kweli haijui dawa ile, kwa sababu mama yake mzazi ana chupa mbili nyumbani. Mama akamwuliza anaumwa nini. Polisi akamwambia. Aliondoka haraka, na hakurudi siku hiyo.

Siku ya tano alikuja kaka yake. Huyu ndiye aliyemwumiza. Alikuwa mzee sasa, anatembelea fimbo, na nyumba anayolala alijengewa na mwanawe. Alisimama mbele ya kiti akamwambia kwamba anaivua familia nguo hadharani, kwamba mtoto wa kiume ni mmoja tu, kwamba yeye kama shangazi kazi yake ni kusitiri. Alimkumbusha waliyokula pamoja na waliowazika pamoja. Watu walikuwa wakisikiliza.

"Kaka," alisema, "shangazi yetu alinifundisha hii kazi ukiwa unaona. Ungekuwa ni wewe umelala kitanda cha kumi na moja, ungetaka nisitiri?"

Kaka aligeuka na fimbo yake. Hajazungumza naye tena tangu siku ile, na kwenye arusi ya mjukuu wa kaka huyo kadi haikumfikia mama.

Siku zote ishirini na nane alikaa, isipokuwa moja ya mvua kubwa. Mambo yaliishaje? Hayakuisha kama walivyotaka waliompigia makofi. Picha zilisambaa, afisa wa meza safi akapigiwa simu na wakubwa wake, duka likafungwa wiki mbili kwa ukaguzi, sahihi ya kughushi ikaandikwa kwenye jalada jingine ambalo bado liko kabatini. Hospitali ilimpa mama onyo la maandishi kwa kutumia lugha isiyofaa kwenye barua ya kujieleza, na matroni aliyelitia sahihi alishindwa kumtazama usoni. Lakini yule daktari kijana alikuja chumba cha kufulia mchana mmoja, akasimama kwenye mvuke mpaka miwani ikaziba, akauliza kama inawezekana awe anawauliza wagonjwa wake wanakunywa majani gani kwa namna ambayo hawatamficha. Mama alimjibu kwa ukali kwamba aanze kwa kutowacheka. Kisha akamwonyesha namna ya kuuliza.

Duka lilipofunguliwa tena, sura yake haikuwepo. Ukutani palikuwa na mwanamke mwingine, mzee kumzidi, mwenye mashavu yaliyoingia na macho mema, naye ameshika kinu. Dawa sasa iliitwa ya Bibi. Magonjwa yalikuwa arobaini na matatu.

Watu walimwambia aachane nao, ameshajinasua, jina lake liko safi. Maneno hayo yalimkera kuliko matusi. Kwani aliketi pale kwa ajili ya jina? Alianza kuulizia. Aliulizia sokoni, kanisani, msikitini, kwenye foleni za maji, akionyesha karatasi aliyoibandua kwenye chupa. Ilimchukua wiki tatu. Yule bibi alikuwa mfagiaji wa jengo la ofisi, anaingia kabla wenye ofisi hawajafika. Mama alimkuta akikamua dekio kwenye ngazi. Bibi alikuwa hajui kusoma. Alikuwa ameambiwa picha ni ya kalenda.

Mama alikaa kwenye ngazi, akamweleza tangu mwanzo, polepole, mapipa, sukari, kibali, mguu. Bibi alisikiliza huku ameshikilia dekio. Hakuuliza kuhusu picha wala kuhusu polisi.

"Huyo fundi anakaa wapi?" alisema.

Alimaliza ngazi zilizobaki, akaweka ndoo, akabadilisha viatu. Wakaenda pamoja. Fundi walimkuta nyumbani kwa mwanawe, ameketi karibu na dirisha. Cherehani yake ilikuwa imefungwa mkono wa kuzungushia, kwa hiyo alishona kwa mkono mmoja na kuzungusha kwa mwingine, na mshono ulikuwa unapinda, na kila ulipopinda alikuwa anaufumua na kuanza upya. Bibi alivuta kigoda upande wa gurudumu, akaushika ule mkono wa chuma, akamwambia fundi aelekeze kitambaa kwa mikono yote miwili, yeye atazungusha.